Barua kwa shoga yangu: miguu isizoee kukaa

Kibokoni, Mombasa

Shoga yangu mpenzi,

Assalaam alaikum. Baada ya salamu, nakuarifu kuwa sisi huku hatujambo, na barua yako nimeipata. Nimefurahi kusikia kuwa homa imekwisha, lakini yale uliyoyaandika mwishoni, kwa maneno machache kana kwamba si kitu, ndiyo yaliyonishughulisha: kwamba tangu uinuke kitandani miguu imekuwa mizito, ngazi ya darini huipandi tena, na wanao wamekuamuru ukae barazani uletewe kila kitu, hata maji ya kutawadhia.

Wanao wanafanya hivyo kwa mapenzi, nami sina neno juu ya adabu yao. Hata hivyo, naona wanakudhuru bila kukusudia. Watafiti wa Marekani waliochapisha kazi yao mwaka 2007 waliwalaza kitandani kwa siku 10 wazee wenye afya njema, wasio na homa wala maumivu, na wazee hao wakapoteza karibu kilo 1 ya nyama ya miguu. Wewe ulikuwa mgonjwa na chakula hukitamani. Kwa hiyo huo si uzee uliokuvamia kwa usiku mmoja, bali ni deni la kulala, na deni hilo hulipika.

Watakwambia dawa ni kutembea tu, nami sikubaliani nao moja kwa moja. Kutembea kunaufaa moyo, kunasaidia sukari na presha, na mimi mwenyewe sikuachi. Lakini mara nyingi kinachomfungia mtu mzima ndani ni kushindwa kuinuka kitini au hofu ya kuanguka, na hayo yanataka nguvu za mapaja na uthabiti wa kusimama. Ndiyo maana Shirika la Afya Duniani, katika mwongozo wake wa mwaka 2020, halikuishia kwenye dakika 150 za mwendo kwa wiki, bali liliwataka watu wa miaka 65 na zaidi wafanye pia mazoezi ya nguvu na ya kuimarisha msimamo wa mwili angalau siku 3 kwa wiki. Mama zetu walikuwa nayo bila kuyaita mazoezi: kukaa juu ya mbuzi kukuna nazi na kuinuka, kuchutama uani kuosha vyombo, kupanda darini na ndoo. Siku hizi nazi tunaikuta sokoni imekwisha kunwa kwa mashine, na sitakudanganya kuwa nataka kurudi kwenye mbuzi.

Basi chukua kiti kigumu, si kile cha plastiki kinachoteleza, ukiegemeze ukutani. Kaa, kisha inuka bila kujisukuma kwa mikono, ukae tena polepole, kwa sababu kule kushuka taratibu ndiko kunakoyafanyisha mapaja kazi. Ukishindwa, tumia mikono kwanza, na uipunguzie kazi kadiri siku zinavyokwenda. Halafu shika ukingo wa meza, uinue visigino, kisha usimame kwa mguu mmoja huku mtu yuko karibu. Usiseme umri umepita: mwaka 1990 kulichapishwa habari za wazee wa Boston, wa miaka 86 hadi 96, waliofanyishwa mazoezi ya uzito kwa wiki 8, na nguvu za miguu yao zikaongezeka zaidi ya maradufu.

Mwendo wenyewe ufanye baada ya sala ya alfajiri, kabla jua halijawa kali, hasa msimu huu wa kaskazi. Mimi huenda Mama Ngina, pale kando ya bahari, ambako njia ni pana na pa kukaa hapakosekani. Siku nyingine huzunguka vichochoro vya Mji wa Kale, kwa kuwa kila hatua chache kuna kibaraza cha kupumzikia. Ndara usivae. Vaa viatu vinavyoshika kisigino, na kwa kuwa una sukari, kagua nyayo zako kila usiku, maana kidonda kidogo unaweza usikisikie.

Jambo la chakula nalo halina mjadala mrefu: chai na mkate asubuhi na jioni havijengi misuli. Kula mbaazi, samaki, mayai, maziwa.

Kabla ya yote, mwambie daktari wako kuhusu kile kizunguzungu cha unapoinuka, na umchukulie vidonge vyako vyote avione, kwa sababu dawa za presha huweza kukileta. Maumivu ya kifua au goti lililovimba si mambo ya kuvumilia, acha, ukaonwe.

Barua hii wasomee wanao, hasa pale pa maji ya kutawadhia. Wakutengenezee pa kushikia kwenye ngazi, kisha wakuache upande mwenyewe, mmoja wao akiwa nyuma yako. Nijibu unieleze kama umeinuka kitini bila mikono.

Nisalimie wote hapo nyumbani.

Wako akupendaye,
Shoga yako wa Kibokoni