Kabla hujafungua boneti, piga goti uangalie tairi

Mhariri,

Nimesoma ile makala yenu ya kununua gari la spidi lililotumika, na nashukuru mmeigusa hiyo mada maana haya magari tunayapenda wengi ila tunayanunua kwa macho na masikio tu, mtu akisikia ekzosi inavyonguruma keshaanza kuhesabu hela. Mmeongelea injini, turbo, giaboksi, rekodi za sevisi, mpaka rangi ya bodi kama imerudiwa. Ila tairi mmezipa sentensi moja tu, kwamba mnunuzi aangalie kama bado zina kashata, yaani yale matuta ya mpira yanayogusa lami. Hapo ndo nikaona niandike, kwa sababu kwenye kagari ka kwendea sokoni hiyo sentensi ingepita, kwenye gari la spidi haipiti hata kidogo.

Gari la nguvu za farasi 400, breki kubwa, shokapu za bei mbaya, vyote hivyo vinafanya kazi kupitia vipande vinne vya mpira ambavyo kila kimoja kinagusa lami eneo linalokaribia kiganja cha mtu mzima, basi. Na zaidi ya hapo tairi inatoa siri za gari kuliko muuzaji. Injini inaweza kuoshwa ikang'aa, taa ya onyo inaweza kufutwa kwa mashine asubuhi ile ile unayokuja kuliona gari, ila tairi iliyolika vibaya huwezi kuibembeleza ikae kimya.

Mimi nikimsindikiza mtu kwenda kuangalia gari sianzi na boneti, naanza kupiga goti kwenye tairi ya nyuma, na siangalii upande wa nje, naangalia ndani, kule kunakotazamana na difu, ile gia inayogawa nguvu kwa tairi. Watu wengi hapa ndo wanapigwa. Magari mengi ya spidi yanatoka kiwandani tairi zikiwa zimeinamishwa kidogo, juu zinaingia ndani na chini zinatoka nje, mafundi wanaita kemba hasi, ili gari likikata kona tairi ikae vizuri kwenye lami. Ubaya wake ukienda moja kwa moja kila siku bega la ndani, yaani ukingo wa ndani wa tairi, ndo linabeba mzigo, na alaimenti, yaani mnyooko wa tairi, ikiyumba hata kidogo linalika haraka kweli, huku nje kashata zimesimama na muuzaji kazipaka dawa nyeusi zinawaka.

Kuna sedani moja ya silinda sita, tairi pana za nyuma, safi ukiitazama ukiwa umesimama. Nje kashata zilikuwa kama milimita 5 hivi na jamaa yangu alishaanza kuongea mambo ya kadi ya gari. Nikaingiza mkono nyuma ya tairi nikapitisha kidole taratibu, kikakutana na kitu kinachochoma. Nikasogeza simu kwa chini nikapiga picha na flashi, ikaja picha ya mpira ulioisha kabisa upana wa vidole viwili na waya zimetokeza zina kutu. Tairi ya upande wa pili hivyo hivyo. Muuzaji kaangalia picha, akasema "ah hizo ni za kubadilisha tu broo". Ndio, ni za kubadilisha, ila kitu kilichozila bado kipo chini ya gari, na ukifunga mpya juu ya bushi (zile raba za maungio ya miguu ya gari) zilizochoka au alaimenti iliyopinda nazo zitaliwa hivyo hivyo kabla hujazizoea.

Kwa hiyo nunua kile kipimo kidogo cha kashata, kinaingia mfukoni, upime kila tairi sehemu tatu, ndani, katikati na nje. Tairi mpya nyingi za aina hii huanza na milimita 7 au 8. Ndani ya mifereji kuna vinundu vidogo vya mpira vya alama, kashata zikilingana navyo ujue umebaki na milimita 1.6, na nchi nyingi, zikiwemo zile za Ulaya, hapo ndo mwisho wa sheria. Ila sheria isikupumbaze, tairi pana ikishuka chini ya milimita 3 kwenye mvua inashindwa kutoa maji, gari linaelea, na kadiri tairi ilivyo pana ndo inaelea mapema zaidi.

Ukishapata vipimo vyako sasa anza kusoma. Imelika katikati tu, upepo ulikuwa unajazwa kupita kiasi. Imelika mabega yote mawili katikati kumebaki, ilikuwa inatembea na upepo mdogo, na hiyo ni mbaya zaidi maana tairi ya hivyo inapata joto na inaumia kwa ndani usipopaona. Pitisha kiganja kwenye kashata kwenda na kurudi, ukisikia upande mmoja laini na ukirudi inakwaruza kama meno ya msumeno, miguu haijanyooka, alaimenti hiyo. Ukikuta mabonde mabonde kuzunguka tairi, bonde, mlima, bonde, hapo mshuku shokapu, na ukiliendesha gari utasikia mvumo ambao watu wengi wanadhani ni beringi ya tairi imekufa.

Kuna na dalili za gari lililopelekwa kwenye mbio au lililochezewa drifti, ule mchezo wa kuserereshea gari kwenye kona makusudi. Bega la nje la tairi za mbele limechakaa limejaa vipele vipele, kingo zimejikunja, ukichungulia ndani ya matao ya bodi yanayofunika tairi unakuta vipunje vya mpira vimeganda. Au unakuta tairi za nyuma ni mpya kabisa na za mbele zina miaka minne na zimeshalika nusu. Sawa, gari linalosukuma nyuma hula tairi za nyuma haraka, hilo ni kawaida, ila tofauti ikiwa kubwa sana muulize tu mwenyewe kwa upole zile za nyuma ziliisha wapi, halafu umwangalie usoni. Gari kwenda kwenye mbio sio dhambi, wengine wanayatunza kuliko sisi, ila bei yake na ukaguzi wa breki, klachi na difu haviwi vile vile.

Sasa nije kwenye umri ambao makala yenu haikuugusa kabisa. Ubavuni mwa tairi kuna maandishi yanaanza na herufi DOT, fuata mpaka mwisho utakuta namba nne, mbili za kwanza ni wiki, mbili za mwisho ni mwaka. 2319 maana yake wiki ya 23 ya mwaka 2019. Wakati mwingine hizo namba kamili zimeandikwa upande mmoja tu na umekaa kwa ndani, ndo maana nasema goti lazima. Ukikuta namba tatu tu, hiyo tairi ni ya kabla ya 2000, usiliendeshe hilo gari hata kulirudisha geti.

Haya magari mengi ni ya kuwekwa ndani, yanatoka jumapili tu, kwa hiyo kilomita chache na kashata zimejaa, mnunuzi anafurahi. Wakati mpira unazeeka hata gari likiwa limesimama, mafuta yake yanakauka, unakuwa mgumu, na mpira wa gari la spidi ambao ulitengenezwa uwe laini ushike lami ukishakuwa mgumu umebaki na sura tu. Wengi mnakumbuka kifo cha Paul Walker, Novemba 30, 2013, California, alikuwa abiria kwenye Porsche Carrera GT ya 2005 iliyokuwa inaendeshwa na rafiki yake Roger Rodas. Wachunguzi walisema chanzo ni spidi, walikuwa kati ya kilomita 129 na 150 kwa saa kwenye barabara ambayo mwisho wa spidi ni kilomita 72 kwa saa, ila waliandika pia kwamba tairi za lile gari zilikuwa na miaka tisa na huenda zilichangia gari kukosa mshiko. Gari la bei ile! Michelin wenyewe wanashauri tairi ikifika miaka mitano katika matumizi ikaguliwe na fundi kila mwaka, na ikifika miaka kumi tangu itengenezwe itolewe hata kama ukiiangalia haina neno. Kwangu mimi kwa gari la nguvu kumi ni mingi mno, ikipita sita mi naihesabu kama imeisha na namwambia muuzaji hivyo hivyo.

Hizo tarehe pia zinakusaidia kupima maneno. Gari la 2018, odomita inasoma kilomita 20,000, tairi zote nne ni za 2018, hiyo stori inashikana, ila zibadilishe. Gari lile lile, kilomita zile zile, halafu tairi nne zina miaka minne tofauti na majina matatu tofauti, hapo kuna kitu, labda ni mashimo, labda odomita imeguswa, uliza.

Na zile herufi za saizi zisomeni jamani. Kwenye ubavu unakuta kitu kama 97Y, 97 ni uzito inaoweza kubeba, kilo 730 kwa tairi moja, Y ni spidi ya juu inayoihimili, kilomita 300 kwa saa. H ni 210. Gari lilitoka kiwandani na Y, mwenye gari kabana matumizi kaweka H, ukisema mbona mimi sikimbii hivyo, sawa, lakini zile herufi zinaonyesha pia jinsi tairi inavyohimili joto na mtu aliyebana hapo kwenye tairi sijui kwenye oili alifanyaje. Ukikuta alama ya nyota kwenye gari la BMW, N na namba kwenye Porsche, MO kwenye Mercedes au AO kwenye Audi, hizo ni tairi zilizopitishwa na kiwanda kwa magari hayo, sio lazima uwe nazo ila ni dalili nzuri ya mtu aliyekuwa anajali. Ila zote ziangalie na ubavu, ukiona uvimbe hata mdogo wa kidole gumba, nyuzi za ndani zimekatika kwa kugonga shimo, haina dawa hiyo, na rimu yake izungushe uone kama haijapinda.

Wenye ndoto za gari linalosukuma tairi zote nne, Subaru WRX STI, Nissan GT-R na ndugu zao, hapa msinune. Hapo tairi moja ikiharibika unaweza ukajikuta unanunua nne. Subaru wanataka tofauti ya mzunguko kati ya tairi na tairi isizidi robo inchi, ukiipigia hesabu inakuja kama milimita moja tu ya kashata. Ukipita hapo tairi zinazunguka kwa spidi tofauti muda wote, difu ya katikati haipumziki, na siku ikilia utazikumbuka zile tairi mbili mpya ulizosema zinatosha kwa sasa. Na ukikuta gari la hivyo lina mbili mpya mbili kuukuu, jiulize limetembea hivyo kwa muda gani.

Mtego ninaouogopa kuliko yote ni tairi mpya kabisa nne, zimefungwa wiki iliyopita. Watu wanaona ni zawadi, mi naona ushahidi umefutwa. Omba zile za zamani uzione, nyingi zinakuwa bado zimetupwa pale pale nyuma ya gereji, na kama hazipo omba karatasi ya alaimenti iliyotolewa baada ya kufunga mpya. Halafu angalia ni tairi gani, maana kuna zinazofungwa ili picha itoke vizuri tu, ngumu, za bei ya chini, kwenye gari la farasi 400. Kuna namba ya treadwear ubavuni, ikiwa kubwa tairi inachelewa kulika, tairi za kushika sana huwa 200 kushuka chini, za spidi za kila siku kama 300, za gari la familia zinakwenda 400 na zaidi. Kila mtengenezaji anajipimia mwenyewe kwa hiyo usiichukulie kama msahafu, ila ukikuta 600 kwenye gari la namna hii umeshaelewa.

Tairi zikiwa zimeisha sio lazima ulikimbie gari. Ulizia kwanza bei ya saizi ile ile, inchi 19 au 20, mbele na nyuma, maana mengi yana saizi tofauti mbele na nyuma na huwezi kuzihamisha, weka na alaimenti juu yake, halafu hiyo jumla uitoe kwenye bei mkiwa bado mnaongea, sio baada ya kulipa. Ukifunga mpya kilomita mia chache za mwanzo nenda taratibu, bado zina utelezi wa kiwandani.

Ombi langu kwenu mhariri ni dogo. Kwenye ukurasa wa matangazo ya magari ongezeni mistari miwili, tarehe za tairi zote nne na kina cha kashata upande wa ndani. Mwenye gari zuri atajaza kwa dakika tano akiwa na tochi ya simu, na atakayeacha pameachwa wazi wasomaji watajua waanzie wapi kuuliza.

Ni mimi msomaji wenu wa ukurasa wa magari.