Barua kwa mwanangu anayehamia Kasulu

Kibosho, Moshi

Mwanangu mpendwa,

Pokea salamu za nyumbani. Sisi hatujambo, mama yako anaendelea vizuri na dawa zake za presha, na habari ya uhamisho wako imetufikia, ingawa ningependa kuipata kutoka kwako kabla ya kuisikia kwa shangazi yako. Kufundisha Kasulu ni kazi ileile uliyoifanya Arusha, na kwa upande huo sina wasiwasi, kwa sababu sijasikia mkuu wa shule hata mmoja akikulalamikia. Kilichoninyima usingizi ni ile picha uliyomtumia mama yako, ya sanduku la dawa ulilomwandalia mjukuu wangu. Niliikuza kwenye simu nikasoma chupa moja baada ya nyingine: mafuta ya mkaratusi, ya mnanaa, ya karafuu, ya lavenda, ya mchaichai, kisha mfuko wa majani makavu ya pakanga na mwingine wa unga wa mwarobaini, vyote umevipanga vizuri na kuviandika majina kwa mwandiko wako ule mzuri. Kipimajoto sikukiona.

Ninaandika kwa ajili ya jambo moja, na utanisamehe nikilirudia. Mtoto akipata homa huko Kasulu, apimwe malaria kwanza, siku hiyohiyo, ndipo mengine yafuate.

Wewe umekulia mlimani, ukaenda kuolewa Arusha, na kote huko homa ya mtoto mara nyingi ni mafua, sikio au jino linaloota. Homa ya Kigoma, mkoa ilipo Kasulu, ina tabia nyingine. Utafiti wa malaria uliofanyika nchini mwaka 2017 ulikuta vimelea kwa karibu robo ya watoto wadogo waliopimwa mkoani Kigoma, wakati hapa Kilimanjaro hawakufika hata asilimia 1. Mtu mzima aliyezaliwa huko mwili wake umekwisha kupigana na vimelea hivyo mara nyingi, kwa hiyo una kinga ya kiasi fulani. Wewe, mumeo na mtoto wa miezi saba mnakwenda mikono mitupu. Malaria kali kwa mtoto haisubiri wiki. Homa iliyoanza asubuhi inaweza kesho yake kuwa degedege au upungufu wa damu, na muda huo ndio ninaouogopa kwamba utaumaliza ukichemsha majani.

Mama yako atakuambia kwamba ninyi nyote mlinyweshwa mwarobaini na mkapona. Mlipona kweli. Hapa Kibosho mngepona hata kwa maji ya vuguvugu, maana sehemu kubwa ya homa zenu hazikuwa malaria hata kidogo, na mwarobaini ukapewa sifa ya kazi ambayo haukuifanya. Sisemi hivyo kuudharau. Ninasema kwa sababu najua utaubeba ushahidi huo wa nyumbani na kuupeleka mahali ambapo haufanyi kazi. Tena mafuta ya mbegu zake, yale ya uchungu yanayouzwa kwa ajili ya ngozi na mimea, usiyaingize kinywani mwa mtoto kwa hali yoyote, kwani watoto wachanga waliowahi kunyweshwa mafuta hayo katika nchi za Asia walitapika, wakasinzia na kupata degedege, na wengine hawakuamka.

Kuhusu pakanga najua utabishana nami, kwa hiyo nilisoma kabla ya kuandika. Ni kweli kwamba dawa mseto ya malaria tunayopewa zahanati ina asili yake katika pakanga ya Kichina, na mama Mchina aliyeongoza kazi ya kuitoa dawa hiyo ndani ya mmea katika miaka ya 1970, Tu Youyou, alipewa tuzo ya Nobel mwaka 2015. Hapo ndipo watu wanapoishia kusoma. Kiini hicho hakiyeyuki vizuri katika maji, kwa hiyo kikombe kimoja cha chai kinaweza kuwa nacho kidogo na kingine kidogo zaidi, kulingana na mmea ulivyolimwa, ulivyokaushwa na ulivyochemshwa. Dawa kidogo huteremsha homa siku mbili na kuwaacha vimelea hai, jambo linalomdanganya mama na kuwafundisha vimelea kuishi na dawa. Kwa sababu hiyo Shirika la Afya Duniani halikubali chai ya pakanga kuwa tiba wala kinga ya malaria. Na pakanga uliyochuma huku kwetu juu, kama ndiyo iliyomo kwenye ule mfuko, wala si ile ya Kichina. Ni ndugu yake tu.

Zahanati watamtoboa mtoto kidogo na kuchukua tone moja la damu, na majibu hutoka kabla hujamaliza kuzungumza na jirani yako kwenye benchi. Wakikuta malaria watakupa dawa mseto kulingana na uzito wake, dozi ya pili ikifuata muda wa saa nane baada ya ile ya kwanza, kisha asubuhi na jioni hadi siku ya tatu iishe, na ni vizuri anyonye anapopewa kwa sababu dawa hiyo huingia mwilini vizuri zaidi pamoja na mafuta ya maziwa. Dozi haikatizwi kwa kuwa mtoto ameanza kucheza. Wasipokuta malaria, usirudi nyumbani kwa furaha ukafungua sanduku lako. Uliza homa inatoka wapi.

Mwaka 2011 nilipanda gari kwenda Samunge, kule Loliondo, kama Watanzania wengine wengi, nikalala njiani katika foleni ya magari, nikanywa kikombe cha dawa ya mitishamba cha shilingi 500 kwa Mchungaji Ambilikile Mwasapile. Nauli ile ilitoka kwenye fungu gani, mama yako atakueleza, kama bado hajakueleza. Sukari yangu niliikuta palepale nilipoiacha. Mzee yule amekwisha kufariki na sina neno baya juu yake. Nilichokishuhudia ni watu waliorudi wakafungia dawa zao za hospitali kabatini kwa sababu walikuwa wamekunywa, na hao ndio ninaowakumbuka ninapoitazama picha yako.

Sasa niseme juu ya mafuta. Wewe unayajua kuliko mimi, umeyasomea, na sabuni zako za mchaichai nimezigawa kanisani kwa majivuno ambayo mama yako aliyaona kuwa yamezidi. Lakini mteja wa sabuni ni mtu mzima. Kilo nzima ya majani ya mkaratusi ikikamuliwa kwa mvuke hutoa vijiko vichache tu vya mafuta, ndiyo maana kile kichupa cha kahawia kinanuka hata kikiwa kimefungwa ndani ya boksi. Kijiko kimoja cha chai cha mafuta hayo, mtoto akikinywa, kinatosha kumletea degedege na kumpoteza fahamu. Mnanaa mkali ukipakwa puani au kifuani mwa mtoto mchanga unaweza kulibana koo lake hadi pumzi isimame. Kafuri, ambayo watu wa pwani huiita karafuu maiti, ni mbaya kuliko yote hayo, na imo ndani ya marhamu nyingi za kuchua zinazouzwa madukani, kwa hiyo soma maandishi madogo. Mkaratusi, mnanaa na kafuri visimguse mtoto mpaka apite miaka miwili, na hata baada ya hapo ningeuliza kwanza.

Fikiria jambo hili pia. Mtoto wa Kasulu anapata degedege usiku. Je, ni malaria iliyopanda kichwani, au ni mafuta aliyopakwa jioni kwa sababu ya homa? Mganga wa zamu hataweza kujua, na wewe mwenyewe hutajua.

Ikitokea ameyanywa, usimtapishe. Mafuta yakirudi juu huingia kwenye mapafu, kama tunavyoonywa kila siku kuhusu mafuta ya taa. Mchukue pamoja na chupa yenyewe, mwende hospitali. Sanduku lote liwe juu ya kabati lenye kufuli, maana miezi mitatu ijayo atakuwa anasimama kwa kushika viti, na wewe ulikuwa mtoto wa kufungua kila kizibo.

Usidhani ninakuamuru utupe kila kitu. Lavenda weka, ila kwa ngozi yenu wakubwa, tone moja katika kijiko cha chai cha mafuta ya nazi, na uipake kwanza sehemu ndogo ya mkono uone kama inawasha. Karafuu ni nzuri kwa jino la mumeo mpaka atakapokwenda kuling'oa, jambo analoliahirisha tangu Pasaka. Tangawizi na mchaichai kunyweni mpendavyo. Asali mpe mtoto kwa kikohozi akishatimiza mwaka, na kabla ya hapo hata ya kuramba kidoleni usimpe, kwa sababu asali inaweza kuwa na mbegu za bakteria ambazo tumbo la mtoto mchanga haliwezi kuzizuia, na sumu yake hulegeza misuli mpaka ile ya kupumulia. Nilimwambia mama yako hivyo alipokuja kwenu akiwa na ile chupa ya asali ya nyuki wadogo, akanijibu kwamba nimeanza kusoma mno. Kujifukiza chini ya blanketi na sufuria inayochemka, kama nchi nzima ilivyofanya wakati wa korona mwaka 2020, usimfanyie mtoto kabisa, watoto huungua.

Mbu wa malaria huuma usiku. Mafuta ya mchaichai na kivumbasi huwafukuza kwa muda mfupi, kisha harufu inapotea na wao wanarudi ninyi mkiwa mmelala. Kwa hiyo chandarua chenye dawa kitandikwe siku ya kwanza mtakayofika, hata kama vitanda bado havijafungwa na mnalala chini, na mtoto aingizwe ndani kabla giza halijaingia. Mimea yako iote dirishani, sina ugomvi nayo.

Jambo jingine ni kupumua. Akikohoa akiwa na homa, mfunue fulana akiwa ametulia, utazame tumbo linavyopanda na kushuka, uhesabu dakika nzima kwa saa, usihesabu nusu dakika na kuzidisha. Kwa umri wake, mara 50 au zaidi maana yake mapafu yana shida, na hapo hakuna mvuke wa kumsaidia. Akishindwa kunyonya, akitapika kila anachopewa, akipata degedege au akilegea asiamke vizuri, usinipigie simu kwanza. Nenda. Utanipigia ukiwa njiani, na mara hii upokee ninapokupigia.

Nimesikia pia kwamba wazazi wa wanafunzi wako wa Arusha walikuwa wakikuomba ushauri wa dawa, na kwamba ulikuwa ukiwapa. Nilifurahi kuona wanakuamini. Lakini anayetibu watu kwa mitishamba anatakiwa asajiliwe na Baraza la Tiba Asili na Tiba Mbadala, kwa sheria ya mwaka 2002, na wewe hujasajiliwa. Huko Kasulu uza sabuni, na mzazi akikuambia mtoto wake ana homa, mwambie kama ninavyokuambia.

Nyumbani mambo ni ya kawaida. Ng'ombe amezaa ndama jike na maziwa yapo ya kutosha, ila soko la maziwa limelegea. Mfereji wa juu umeziba tena na zamu yetu ya maji imepotea, nami nimesema katika kikao maneno ambayo mwenyekiti hajayapenda. Kahawa tutachuma kidogo mwaka huu. Kaka yako ameahidi kubadilisha bati la jikoni. Usimuulize, atafikiri nimekutuma. Mama yako anakusagia unga wa ulezi wa uji wa mtoto na ameweka ndizi za mtori ingawa nimemweleza kwamba Kigoma kuna ndizi, tena nyingi.

Kifurushi kitapanda basi Jumatatu kikiwa na unga huo, vyandarua viwili na kipimajoto nilichonunua duka la dawa mjini. Kinawekwa kwapani, na kikisoma nyuzi 37.5 au zaidi hiyo ni homa, na homa ya Kasulu umekwisha kusikia nilichosema. Betri yake ni ile ndogo ya duara, ambayo nayo ni hatari mtoto akiimeza, kwa hiyo usimpe akichezee. Nitumie jina la zahanati iliyo karibu na nyumba mtakayopanga, na umbali wake kwa bodaboda usiku. Usiniambie ni karibu tu; niandikie dakika. Na mumeo akumbuke ile jeki ya gari aliyoiazima wakati wa Krismasi, aiache kwa kaka yako kabla hamjapakia mizigo.

Ni mimi baba yako.