Mashindano ya API yapime na siku mtandao unapokatika

Mhariri,

Naomba nafasi katika gazeti lako niseme na waandaaji wa mashindano ya kuandika programu, pamoja na waajiri wanaowapa vijana kazi ya majaribio kabla ya kuwaita kwenye usaili.

Mimi ni wakala wa fedha kwa simu hapa Mwanjelwa, Mbeya. Jioni nikishafunga kibanda najifunza kutengeneza API, yaani ile sehemu ya programu inayokaa kwenye seva, inapokea maombi kutoka simu za watu, inasoma na kuandika kwenye kanzidata, kisha inarudisha jibu. Zoezi nililopewa karibuni lilikuwa la tiketi za basi: safari zisomwe kwa ombi la aina ya GET, tiketi mpya iingizwe kwa POST, ibadilishwe kwa PUT, ifutwe kwa DELETE. Tiketi ikikatwa seva ijibu kwa namba 201, yaani imeundwa. Safari isipokuwepo, 404, yaani haipatikani. Ni zoezi zuri sana, na ningependa kila mwanafunzi wa kompyuta alipitie.

Kilichonisikitisha ni vipimo vya kusahihishia. Kila ombi lilitumwa mara moja, likajibiwa, basi. Anayeshinda kibandani anajua mambo hayaendi hivyo. Mteja anatuma hela, mtandao unakatika kabla meseji haijaingia, anaamini haijaenda, anabonyeza tena. Baadaye zinaingia meseji mbili na salio limekatwa mara mbili. Nimeshakaa na mama aliyekuwa akilipa ada ya mwanawe, tunapiga simu huduma kwa wateja warudishe muamala wa pili, huku hana hata nauli ya kurudi nyumbani. Seva haikuwa mbovu. Ilipokea maombi mawili, ikayatimiza yote mawili.

Kanuni za HTTP, yaani utaratibu ambao simu na seva hutumia kutumiana maombi na majibu, zenyewe zimelizingatia jambo hili. PUT au DELETE ikirudiwa, hali ya mwisho inatakiwa ibaki ileile. POST haina ahadi hiyo, na malipo mengi hupita humo. Dawa yake inajulikana: simu iweke kwenye kila ombi namba yake ya pekee, seva iitunze pamoja na jibu, na namba hiyo ikirudi mteja apewe jibu la kwanza bila kukatwa tena. Na kiti cha basi je? Kuangalia kwanza kama kiko wazi hakutoshi, maana abiria wawili wakibonyeza kwa pamoja wote watakikuta wazi. Kanzidata yenyewe ndiyo ikatae safari moja na kiti kimoja kuandikwa mara mbili, na aliyekosa ajibiwe 409, yaani kuna mgongano.

Vijana wanaofaulu mazoezi haya ndio wanaokwenda kuandika mifumo ya ada, maji na umeme. Nawaomba waandaaji waongeze vipimo viwili tu. Tumeni ombi lilelile la malipo mara mbili, mhesabu tiketi zilizotoka. Kisha tumeni maombi mengi kwa wakati mmoja yagombee kiti kimoja. Na alama za hapo zizidi za kumaliza haraka.

Wakala na mwanafunzi wa programu,
Mwanjelwa, Mbeya