Mwanangu, tandika mkeka kiwandani

Lamu, Mkomani
Mwanzo wa Desemba

Mwanangu,

Assalamu alaikum. Sisi huku hatujambo. Joto la kaskazi limeanza, na punda wa mtaani wamehamia vichochoroni kutafuta kivuli. Nimeacha simu makusudi. Maneno haya nikiyasema kwa mdomo utanikatiza, uniambie, "Mama, niko sawa tu, nimechoka," kama ulivyoniambia Jumapili.

Sauti ile naijua. Kabla ya kuaga ulinieleza mambo kama mtu anayesimulia habari za mwingine: huko Oslo, Norwei, unaamka giza, unakwenda chuoni giza, ukitoka maktaba saa tisa unusu jua limeshazama. Ukifika chumbani unalala saa kumi na mbili jioni, ukiamka umechoka kuliko ulivyolala. Unakula mkate na vitu vitamu tu. Wenzako wakikuita unawaambia una kazi.

Nilipokata simu nilimwomba ndugu yako anifungulie nyakati za sala za Oslo. Siku zile za karibu na tarehe 21 Desemba, jua lako linachomoza kama saa tatu na robo asubuhi na kuzama saa tisa na dakika kumi na mbili hivi. Mchana wote haufiki muda wa saa 6. Adhuhuri, alasiri na magharibi zinafuatana ndani ya muda wa saa 3. Tena nikapiga hesabu nikashangaa: magharibi yako inaingia zaidi ya saa nzima kabla ya yangu, na wewe ndiye uliye upande wangu wa magharibi.

Hapa kwetu mchana mrefu kuliko yote na ule mfupi kuliko yote hutofautiana kama robo saa tu, mwaka mzima. Ndiyo maana wazee waliweza kuanza kuhesabu saa kwa jua kuchomoza, saa moja ikabaki saa moja, msimu wa kusi na wa kaskazi. Wewe umelelewa na saa hiyo tangu tumboni mwangu. Mwili wako haujawahi kufundishwa giza la saa tisa. Kwa hiyo nakuomba usijiite mvivu, wala usidhani imani yako imepungua. Kuna daktari, Norman Rosenthal, mzaliwa wa Afrika Kusini. Alipohama Johannesburg kwenda New York, majira ya baridi yalipoingia akajiona anazimika nguvu, na kiangazi zikamrudia. Mwaka 1984 yeye na wenzake waliandika juu ya huzuni hii inayokuja na baridi na kuondoka nayo. Nilipoelezwa habari zake nilipumua. Mtoto wa jua wa mbali alikutangulia kuihisi, na akaitafutia dawa.

Sasa nikwambie jambo ambalo sijakusimulia.

Ulikuwa na miaka sita baba yako alipofariki, kwa hiyo hukumbuki nilivyokaa eda. Miezi 4 na siku 10. Nyumba yetu unaijua: kutoka dakani, baraza ya mlangoni, unaingia tekani, ukumbi wa kuingilia, kisha kiwanda, ule ua wa katikati ulio wazi juu, kisha msana wa kwanza na wa pili, zile kumbi ndefu, na mwisho kabisa chumba tunachokiita ndani. Kila ukisonga mbele mwanga unapungua, na kule ndani hakuna dirisha hata moja. Mimi nilijichimbia kule. Hakuna aliyenilazimisha. Eda inamzuia mtu kutoka nyumbani, haimzuii jua la kiwanda chake mwenyewe. Lakini sikuona sababu ya kujivuta. Niliamka adhuhuri, nikasinzia alasiri, usiku nikakesha nikihesabu boriti za dari, kisha nikizihesabu tena. Ilipofika wiki ya tano au ya sita sikujua tena leo ni Jumanne ama Alhamisi. Wewe na ndugu yako mlikuwa mnalishwa na shangazi yenu.

Somo yangu, Mungu amrehemu, hakunipa mawaidha. Alikuja na kitambaa cha kofia ya vito, ile ya vitundu vya kushonwa kwa mkono, kilichokwisha kuchorwa, pamoja na sindano na uzi, akasema kofia hii ina mwenyewe na anaitaka, kisha akaondoka. Wajua vitundu vya kofia vilivyo vidogo. Nilijaribu kushona kule ndani kwa taa nikakosea, nikafumua, nikakosea tena. Ikabidi nitandike mkeka kwenye msana wa kwanza, ukingoni mwa kiwanda, na ikabidi iwe asubuhi, kwa kuwa ndiyo saa jua linapopiga ukuta wa chokaa na ule weupe ukarudisha mwanga bila kuunguza. Siku tatu za mwanzo nilishona huku nalia. Siku ya kumi hivi nikasikia njaa, njaa ya kweli, nikaomba muhogo. Wiki mbili hazijatimia usingizi wa usiku ukarudi. Huzuni haikuwa imekwisha, baba yako alikuwa bado hayupo. Ila mwili ulijua tena upi mchana na upi usiku, na mtu akishajua hilo anaweza kubeba mengine.

Nilikuwa nadhani ni kofia iliyoniinua. Hivi karibuni tu binamu yako muuguzi ndiye aliyenifahamisha kwamba ulikuwa pia ule mwanga. Jicho likipata mwanga mkali asubuhi, ubongo unapunguza melatonini, ile homoni ya usingizi. Lisipoupata, mwili unaendelea kudhani kungali usiku, na ndiyo uzito unaousema. Akanambia huko kuna taa maalumu za luksi 10,000, na luksi ndicho kipimo cha ukali wa mwanga. Mtu anakaa mbele yake kama dakika 30 mara tu anapoamka, taa ikiwa karibu na uso, bila kuikodolea macho, huku anakunywa chai au anasoma. Taa ya chumbani kwako haifiki hata sehemu ya kumi ya hiyo. Muulize daktari wa chuo kwanza, maana macho yako yamewahi kukusumbua. Na bei isikutishe. Zamu yangu ya chama chetu cha kuchangiana pesa ni mwezi huu, na pesa hizo nimeshazitia nia.

Mwanga wa nje pia usiudharau. Hata siku ya mawingu, nje kunashinda chumba chenye taa. Saa sita mchana, jua lako likiwa limefika juu kadiri linavyoweza, toka nje. Usingoje upate hamu, mimi sikuwa nayo. Vaa koti, funga vile vitu vya kung'aa vya kukufanya uonekane na magari, tembea nusu saa. Theluji ikianguka ndiyo heri zaidi, kwa sababu inafanya kazi ya chokaa ya kiwandani kwetu, inakurudishia mwanga kutoka chini.

Na zile dawa za vitamini D nilizokusisitizia, bado ziko kwenye mkoba? Ngozi yetu nyeusi huitengeneza polepole, na jua lenyewe huko halina nguvu ya kuianzisha wakati huu. Wenyeji hunywa mafuta ya ini la chewa, kijiko kidogo kila siku ya baridi, wanayaita tran. Kanywe. Yakikukera harufu, kumbuka ile sifa, mafuta ya samaki wanayopaka majahazi kijijini Matondoni, ulivyokuwa ukiziba pua na bado ukikataa kurudi nyumbani.

Saa kumi na mbili jioni usilale. Hilo nalikataza kama nilivyokukataza utotoni kulala magharibi. Washa taa zote, pika wali, ita mtu. Yule msichana wa Tanga uliyenitajia, mwite yeye. Mkipika mbaazi za nazi nyumba ikanukia, jioni itapita. Na una siku tano za Ramadhani za kulipa. Mfungo wa huko sasa haufiki muda wa saa 9, tangu alfajiri mpaka magharibi, na mtu akiwa na daku ya kuamkia na futari ya kungojea, siku inapata mwanzo na mwisho wake. Ila ukiwa huli vizuri, acha kwanza. Deni hilo litangoja upate nguvu.

Neno moja nalisema waziwazi kwa kuwa mimi ni mama yako. Ikipita wiki mbili na huwezi kuinuka kitandani, au ukianza kuona afadhali usingekuwepo, nenda kwa daktari siku hiyohiyo na unipigie simu, hata ikiwa saa nane ya usiku wangu. Sitakupa mawaidha. Sitamwambia mtu.

Kupungua kwa mchana kunakoma tarehe 21 au 22 ya mwezi huu. Mwanzoni hutaona kitu, ni dakika moja, mbili. Lakini kufika Machi mchana wa Oslo unaongezeka zaidi ya dakika 5 kila siku, na Juni jua linazama saa tano kasoro robo ya usiku. Utatafuta pazia nene ili upate kulala. Nimeitia alama tarehe hiyo kwenye kalenda ya jikoni, na tangu hapo nitakuwa nakuhesabia.

Kofia ile ya vito niliimaliza siku chache kabla ya eda kwisha. Nikamuuliza somo, mwenyewe ni nani? Akanambia, mwanao mwanamume akikua. Ndiyo aliyovaa ndugu yako Idi iliyopita.

Jumamosi saa nane mchana nitapanda darini na simu. Kwako itakuwa saa sita. Nataka nikukute nje, umevaa koti, unioneshe hiyo theluji.

Mama yako