Barua ya wazi kwa Mkuu wa Jimbo: futeni deni la bahasha za miaka ya korona

Baba Mkuu wa Jimbo,

Bwana Yesu asifiwe.

Nakuandikia nikiwa mwenyekiti wa jumuiya moja katika usharika ulio chini ya uangalizi wako, huku kwenye safu ya milima ya Uporoto, Mbeya, na ninaandika hadharani kwa sababu barua tulizopitisha kwa utaratibu, kwa mzee wa kanisa na kwa baraza la wazee, hazijajibiwa hata moja. Heshima yangu kwako haijapungua. Lakini wiki iliyopita tumemzika bibi mmoja wa jumuiya yetu bila kengele kupigwa, bila mchungaji, bila hata mwinjilisti, na bila kwaya ambayo yeye mwenyewe aliimba humo tangu usichana wake. Maelezo tuliyopewa ni kwamba kadi yake ya ahadi, ile inayoandikwa sadaka ambayo mshirika huahidi na kuitoa kwa bahasha, inaonyesha deni la bahasha linaloanzia mwaka 2020. Wajukuu wake walikwenda ofisini na fedha walizochangishana usiku wa msiba, wakaambiwa hazitoshi. Tukasoma Neno wenyewe, tukaimba wenyewe, tukamzika.

Naomba ukumbuke mwaka huo wa 2020 ulikuwaje, kwa kuwa mtu anayeisoma kadi ile bila kuukumbuka ataona mshirika mzembe. Mgonjwa wa kwanza nchini alitangazwa tarehe 16 Machi, kesho yake shule zikafungwa, makanisa yakabaki wazi, na kuanzia tarehe 17 hadi 19 Aprili taifa zima likaitwa kumlilia Mungu kwa siku tatu. Tuliomba, na ninaamini tulisikiwa. Mwisho wa Aprili takwimu zikaacha kutangazwa, na tangu hapo sisi huku milimani tulipimia hali kwa misiba tuliyoiona kwa macho yetu. Ibada zetu za nyumba kwa nyumba tulizisimamisha ili tusiambukizane, tukagawana kaya: kila familia yenye afya ikabeba mbili zenye wagonjwa. Vijana waliweka ndoo zenye koki mlangoni mwa kanisa na kuzijaza maji kila asubuhi, kinamama wakashona barakoa za vitenge, na waliokuwa na mikaratusi shambani wakaruhusu kila mtu akate majani ya kujifukizia. Hapakuwa na mtu aliyetutuma kufanya haya, na wala hatukumwomba mtu posho.

Bibi huyo alipika uji wa ulezi. Ulezi ulikuwa wake, kuni zilikuwa zake, na sufuria ile kubwa aliyokuwa akiitunza kwa ajili ya ngoma za harusi za wajukuu ndiyo iliyokuwa jikoni kila alfajiri. Alikuwa akiuweka uji mlangoni kwa mgonjwa, anagonga, kisha anarudi nyuma mpaka penye mgomba, anasimama hapo akisubiri mpaka auone mkono umetoka na kulichukua bakuli. Pasipotoka mkono, alikuja kwangu, na mimi nilimtafuta mwenye gari.

Mwanzoni mwa mwaka 2021 mambo yalikuwa mabaya zaidi. Ndiyo miezi ambayo ndugu zetu wa Baraza la Maaskofu Katoliki Tanzania walitoa tahadhari kwa waumini wao, na mwezi Machi katibu wao, Padri Charles Kitima, akaeleza kwamba zaidi ya mapadri 25 walikuwa wamefariki ndani ya miezi miwili wakiwa na matatizo ya kupumua. Mume wangu alifariki katika miezi hiyohiyo, na karatasi ya hospitali iliandika changamoto ya upumuaji. Nilibaki na watoto wanaosoma, na viazi vilivyokuwa tayari kuvunwa, wakati mimi mwenyewe sikuweza kutembea kutoka kitandani hadi mlangoni bila kushika ukuta. Jumuiya ndiyo iliyovivuna. Jumuiya ndiyo iliyovipakia kwenye lori la Dar es Salaam, ikaniletea fedha pamoja na daftari lililoandikwa kila gunia na bei yake. Sehemu ya deni la hospitali ililipwa na watu ambao sikupata kuwajua, kwa kuwa hawakutaka kutajwa. Ninaposema kanisa lilinishika mkono, ninawataja watu hao, na wengi wao leo wana deni kwenye kadi.

Hapo ndipo penye jambo zima, Baba. Kadi ya ahadi haina mahali pa kuandika uji, wala gunia la mahindi lililopelekwa kwa yatima, wala nauli ya mgonjwa, wala siku mtu aliyoacha palizi yake akaenda kuchimba kaburi wakati wengine wakiogopa kusogea. Ina mahali pa bahasha tu. Aliyekuwa na shilingi elfu kumi akampa jirani anunue dawa, bahasha yake Jumapili ilikuwa tupu, na karani akaandika sifuri kwa haki kabisa kwa sababu ndiyo kazi aliyopewa. Wanaodaiwa leo ndio waliolibeba kanisa siku zile. Sisemi kwamba sadaka ya ibada haina maana. Wachungaji wanakula, mabati yanavuja, ninayajua hayo. Ninasema waliitoa sadaka hiyo mahali pengine, kwa watu wa usharika huohuo.

Na wewe uliliona hili kabla yetu. Chanjo ilipozinduliwa tarehe 28 Julai 2021 na watu wakaanza kupata moyo, ulikuja kwetu kwenye ibada ya mavuno, ukasimama mbele ya madhabahu, ukasema kwamba hakuna mshirika atakayedaiwa bahasha za mwaka 2020 na 2021, na kwamba jumuiya zilete majina ya wajane na wagonjwa ili kadi zao zifutwe kwanza. Watu walilia siku ile. Tulileta majina, na jina la bibi lilikuwa la kwanza kwenye orodha yetu. Sijaambiwa orodha ile iliishia wapi. Nadhani ilibaki mezani wakati ofisi ilipobadilisha katibu, au huenda ujenzi wa jengo la jimbo ulihitaji kila shilingi iliyoonekana kwenye vitabu. Huenda pia kuna waliohofia kwamba tukifuta mara moja, watu watazoea. Hofu hiyo inawaonea washirika wako. Shirika la Afya Duniani lilitangaza mwezi Mei 2023 kwamba dharura ya UVIKO-19 imekwisha. Kwenye vitabu vyetu haijaisha, na inawafuata watu hadi kaburini.

Torati yenyewe iliweka mwaka wa maachilio, mwaka wa kufuta madeni. Sisi hatuombi kiasi hicho. Tunaomba ahadi uliyoitoa wewe mwenyewe madhabahuni itekelezwe: futeni deni la bahasha za mwaka 2020 na 2021, na litangazwe Jumapili katika kila mtaa ili asiwepo karani wala mzee wa kanisa wa kusema hakupata taarifa. Tunaomba pia mchungaji aje kwenye kaburi la bibi, afanye ibada mbele ya wajukuu wake. Kama haya mawili yataonekana mengi kwa wakati mmoja, basi deni lifutwe kwanza. Futeni deni hilo.

Ninasisitiza kwa sababu hapa jirani yupo mzee amelala ndani, hali yake si nzuri, na kadi yake ina sifuri za miaka hiyohiyo. Juzi binti yake ameniuliza kama auze ng'ombe wao wa maziwa ili baba yake apate kuzikwa na kanisa. Nimemwambia asubiri nikuandikie wewe. Naomba jibu la kumpelekea kabla ya siku ya mnada.

Wako katika Kristo,
Mwenyekiti wa jumuiya, Uporoto