Pacha njiti wanahitaji vifua viwili

Mhariri,

Habari yenu ya wale pacha watatu waliozaliwa njiti imenifanya nishike kalamu baada ya miaka mingi ya kunyamaza. Karibu yote ni mashine ya joto: bei yake, picha yake, nani achangie. Kifua cha mama, yaani kumbeba mtoto ngozi kwa ngozi, mmekipa mstari mmoja. Cha baba hamkukitaja kabisa.

Zaidi ya nusu ya pacha huzaliwa njiti, kabla ya wiki 37 za mimba, na pacha watatu wengi huzaliwa karibu na wiki ya 32. Kwa hiyo mimba ya pacha ikionekana kwenye ultrasaundi, maandalizi yaanze siku hiyohiyo. Utafiti uliochapishwa mwaka 2021, ukihusisha Ghana, India, Malawi, Nigeria na Tanzania yetu, ulionyesha kuwa njiti wa kilo 1 hadi chini ya 1.8 wakiwekwa kifuani mara tu wazaliwapo, bila kusubiri hali itulie, vifo vya siku 28 za kwanza hupungua kwa asilimia 25. Na kifuani maana yake ni saa 8 hadi 24 kwa siku.

Sasa pigeni hesabu ya pacha wawili wenye gramu 1,500 kila mmoja. Kila mmoja analishwa kila baada ya saa 3, yaani milo 16 kwa siku kwa wote wawili. Siku ya kwanza mlo mmoja ni kama mililita 11 za maziwa ya kukamua, kwa kikombe au mrija, kwa sababu kabla ya wiki ya 34 wengi hawawezi kunyonya, kumeza na kupumua kwa mpangilio. Nani anakamua, nani analisha, nani anabeba? Mama huyo mara nyingi ana mshono wa upasuaji. Katika wodi moja ya mkoa huu baba alizuiwa mlangoni kwa kuwa "hapa ni kwa akina mama", na bibi aliyevuka maji kutoka Ukerewe akaambiwa asubiri saa ya kuona wagonjwa. Pacha wa kwanza alikuwa kifuani. Wa pili alilazwa kitandani chini ya khanga moja, karibu na dirisha linaloingiza upepo wa ziwa, na kipimajoto kikasoma 35.2 badala ya 36.5 au zaidi. Njiti akipoa anachoma sukari kidogo aliyonayo ili apate joto. Sukari ikishuka anaacha kula, kisha pumzi inaanza kukatika. Yote hayo, na kifua cha pili kimesimama nje ya mlango!

Hata likizo ni vilevile. Sheria inampa mwajiriwa aliyejifungua zaidi ya mtoto mmoja siku 100 badala ya 84. Mama anayeuza dagaa Mwaloni, Kirumba, anapewa na nani?

Ninachoomba ni hiki. Kila mjamzito wa pacha aandikiwe mlezi wa pili kwenye kadi ya kliniki kabla ya wiki ya 28, na mlinzi wa getini aheshimu jina hilo usiku na mchana. Wodini viwekwe viti viwili vya kuegemea kwa kila jozi ya pacha. Mlezi aje na khanga mbili za kufungia na shati la vifungo mbele. Mtoto afungwe wima, miguu ikunjwe kama ya chura, uso ugeuzwe upande, kidevu kiinuliwe kidogo. Joto lipimwe kwa wote wawili, si kwa yule aliye karibu na muuguzi tu.

Mkunga mstaafu,
Nyamagana, Mwanza