Nichukue fani gani ya pili pamoja na uhandisi kemikali?

Mhariri, salaam. Naomba nafasi niwafikie wasomaji wenzangu, hasa kaka na dada zangu mlioko viwandani na migodini, mnisaidie mawazo.

Mimi ni binti wa Geita, niko mwaka wa pili wa uhandisi kemikali katika chuo kikuu kimoja cha umma jimbo la Arizona, Marekani. Huku mwanafunzi anaruhusiwa kuchukua fani ndogo ya pili juu ya shahada yake, wenyewe wanaiita maina. Kwa kawaida ni masomo sita hivi, krediti 18, na huandikwa kwenye hati ya matokeo. Si lazima, lakini mwezi ujao tunajiandikisha na mshauri wangu wa masomo anataka jibu.

Yeye ananielekeza kwenye kemia. Kemia ya jumla nimeshamaliza, kemia oganiki namalizia muhula huu, kwa hiyo yangebaki masomo mawili tu. Nafuu hiyo naiona. Kinachonisumbua ni kwamba mwajiri akisoma uhandisi kemikali, halafu chini yake akute kemia, hajaambiwa jambo jipya. Kama kuna msomaji wa maabara ya kupima madini ambaye kemia ya uchanganuzi ilimfungulia mlango, naomba aniambie. Baba kwa upande wake anasema nichukue biashara, kwa kuwa wahandisi wengi huishia kuwa mameneja. Namheshimu, ila naamini hayo naweza kuyasoma nikiwa kazini.

Moyo wangu uko kwenye fani mbili: uchenjuaji, yaani kuyatoa madini kwenye mawe na kuyasafisha, na takwimu.

Mwaka 2017, Rais Magufuli alipozuia makinikia, ule mchanga wenye madini, kusafirishwa nje na makontena 277 yakabaki bandarini Dar es Salaam, mimi nilikuwa shule ya msingi. Mtaani kwetu watu wazima walikuwa wakiulizana kwa nini tusiyayeyushe wenyewe. Swali hilo ndilo lililonileta kwenye fani hii. Na Arizona ndiyo jimbo linalotoa shaba nyingi kuliko yote Marekani, kwa hiyo walimu wa uchenjuaji wapo, na wanaijua kazi.

Takwimu ilinijia likizo iliyopita. Nilipata mafunzo kwa vitendo kwenye mtambo mmoja wa dhahabu huko nyumbani. Mawe yakishasagwa yanakuwa tope, tope linaingia kwenye matangi marefu, sianidi inayeyusha dhahabu, kisha dhahabu inanaswa na mkaa maalumu uliotengenezwa kwa vifuu vya nazi. Fundi wa zamu hupanda ngazi kila saa na kupima oksijeni, kiwango cha sianidi na pH, yaani kipimo cha asidi. Hiyo pH haichezewi: ikishuka sana sianidi inageuka gesi ya sumu, ndiyo maana chokaa ya kuipandisha haikosekani pale. Vipimo vyote anaviandika kwenye daftari kwa kalamu, na daftari likijaa linawekwa kabatini.

Niliomba moja. Jioni baada ya zamu nikawa naingiza kurasa zake kwenye kompyuta, nikachora grafu. Ilionekana kama sianidi ilitumika zaidi siku ambazo mawe yalitoka upande mmoja wa shimo. Mkuu wa zamu alihisi ni shaba iliyomo kwenye mawe yale, maana shaba nayo hula sianidi. Akaniuliza: una hakika tofauti hii ni ya kweli, au imetokea tu? Kuchora nilijua. Kumthibitishia kwa hesabu sikuweza, kwa sababu sikuwahi kufundishwa. Sianidi ni ghali na ni hatari. Kabati zima la madaftari lingeweza kutuambia namna ya kuitumia kidogo, na bado nalifikiria hadi leo.

Sasa kikwazo. Takwimu inanidai masomo matano yasiyokuwemo kwenye ratiba yangu, na uchenjuaji karibu hivyo hivyo. Masomo ya uhandisi kemikali yamefungamana, thamodinamiki inatangulia utenganishaji, utenganishaji unatangulia usanifu wa mtambo mwaka wa mwisho, na ukikosa moja unasubiri mwaka mzima. Ufadhili wangu unalipa mihula 8 basi. Njia iliyobaki ni kusoma likizo za kiangazi kwa fedha za mfukoni, na kiangazi ndicho kipindi cha mafunzo kazini. Viza nayo haiamui lolote hapa: tukihitimu tunaruhusiwa kufanya kazi miezi 12, na sisi wa uhandisi tunaweza kuongezewa 24, lakini kazi lazima ihusiane na shahada kuu.

Dada mmoja Mkenya aliyenitangulia darasa ananishauri niachane na maina. Nichukue masomo mawili tu ya takwimu, la usanifu wa majaribio na la regresheni, yaani kupima kwa hesabu jinsi kitu kimoja kinavyobadilika pamoja na kingine, pamoja na moja la uchenjuaji, halafu kila kiangazi niwe mtamboni. Ushauri wake unanivutia kuliko yote, ila naogopa kufika nyumbani na vipande vya masomo visivyo na jina kwenye cheti.

Ninyi mnaosoma maombi ya kazi Geita, Kahama, Mwanza na kwingineko: mnaangalia jina la fani ya pili, au mnamuuliza mtu amefanya nini? Na kama mngekuwa na viangazi viwili tu kama mimi, mngevitumia darasani au mtamboni?

Binti wa Geita,
Arizona, Marekani